Malindi kwa Baiskeli: Marhala Mbili

Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Mwenye kutaka kujua maana ya maneno hayo na apande baiskeli Mombasa, afunge hema kwenye keria, aelekee Malindi.

Masafa ni kilomita 120 hivi. Mwenye gari huyamaliza asubuhi moja, akashuka hata jasho hana. Lakini chuoni tulisomeshwa kwamba safari inayomruhusu mtu kupunguza sala, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni ya marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo. Mwendesha baiskeli ndiye mnyama, na ndiye mchunga wake. Marhala huzijua kwa miguu yake.

Mimi hungoja kusi, mvua za masika zikishapungua, maana pepo hizo humsukuma mtu mgongoni. Kaskazi humkabili usoni. Hutoka baada ya sala ya alfajiri, malori hayajajaa barabarani. Mzigo wangu ni mkeka, sufuria, tende, dumu la maji, pampu, gundi na viraka vya pancha.

Nikivuka Mtwapa huiacha lami nikashika njia ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliohamwa karne iliyofuata. Magofu ya msikiti yanaitazama bahari hadi leo. Adhuhuri hunikuta mbele ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, nikaisali rakaa mbili.

Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Mombasa, ndipo marhala ya kwanza inapokwisha. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, mwenye gari na mwenye baiskeli waliingoja feri moja hapo, wakaamkiana. Siku hizi kila mmoja hupita na zake.

Sasa, hema mtu alipige wapi? Ufuo una kuta sehemu nyingi, na mahali peupe si mahali pasipo mwenyewe. Mimi hupiga hodi. Jioni moja, karibu na magofu ya Mnarani, nilimkuta mzee barazani kwake.

“Salaam aleikum, mzee wangu. Mimi mpita njia, naomba nafasi ya kupiga hema uani.”

“Waaleikum salaam. Hema la nini, mwanangu, na baraza ipo?”

Hema likalala kwenye keria, nami nikalala barazani. Alfajiri tulisali pamoja, na chai ya tangawizi ilikuwa tayari.

Marhala ya pili hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Gede, mji uliohamwa karne ya 17, na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024. Wapo wataalamu wanaodhani maji ya visima vyake yalipungua. Mwenye kufika hapo na dumu tupu hahitaji kuelezwa zaidi.

Magofu haya tunayahifadhi, na ni vyema. Lakini nyumba nyingi mpya ninazozipita zina ukuta na geti, baraza hazina. Ndugu msomaji, ukijenga, acha japo kibaraza kimoja nje. Mpita njia atakayepiga hodi jioni hatakuwa na haja ya hema.