Chagua helmeti kwa kufikiria mteremko, si jasho

KAMA wewe ni mmoja wa wakazi wa mjini ambao Jumamosi huacha gari nyumbani na kutoka na baiskeli ya milimani kuelekea Karura, Limuru au milima ya Ngong, makala haya yanakuhusu.

Wapo wanaoridhika kuzunguka msituni polepole wakinyoosha viungo. Wengine huona raha yao katika mteremko mkali wenye mawe, mizizi na kona za ghafla. Mashindano ya hao wa pili huitwa enduro.

Katika enduro njia hugawanywa vipande vipande. Unapopanda mlima, muda wako hauhesabiwi, mradi ufike mahali pa kuanzia kwa saa uliyopangiwa. Unaposhuka ndipo saa hufunguliwa, na mwenye jumla ndogo ya muda wa kushuka ndiye mshindi. Mashindano ya dunia ya mchezo huu yalianza mwaka wa 2013 huko Punta Ala, Italia.

Hapo ndipo tatizo la mavazi linapoanzia. Utapanda kwa saa kadhaa ukitokwa na jasho, kisha utashuka kwa dakika chache ukiwa katika hatari kubwa. Watu wengi hununua helmeti wakifikiria jasho. Yafaa uinunue ukifikiria zile dakika chache.

Huumia wapi?

Watafiti waliwafuatilia wapanda baiskeli 2,010 katika mashindano 10 ya dunia ya enduro ya mwaka wa 2017 na 2018. Mabega na mikono ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mara nyingi. Kuvunjika mtulinga na mifupa ya bega ndiko kulikowaweka watu nje ya mchezo kwa siku nyingi zaidi. Mtikisiko wa ubongo nao ulijitokeza sana miongoni mwa majeraha yaliyotambuliwa.

Usidhani kuanguka ni kwa wanagenzi tu. Mnamo Agosti 2022 Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alipoanguka katika mbio za Vermont Overland, Marekani. Zile zilikuwa mbio za njia za changarawe wala si enduro, lakini zilitukumbusha kwamba kasi haimjui bingwa.

Hakuna helmeti inayoweza kukuhakikishia usalama wote. Hata hivyo, faida yake si ya kubishaniwa. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi na kutolewa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba, kati ya waendeshaji baiskeli walioumia, waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jeraha baya la kichwa kwa karibu asilimia 70. Kwa majeraha ya uso, kinga ilikuwa ya asilimia 33 tu. Sababu ni rahisi: helmeti ya kawaida haifuniki uso.

Aina tatu

Ya kwanza ni helmeti ya wazi. Ni nyepesi, ina matundu mengi ya hewa na hufunika utosi, paji la uso na kisogo. Hii inakutosha kwa njia za Karura na kwa safari ya kwenda kazini. Ukitaka kuitumia milimani, chagua ile inayoteremka zaidi kisogoni na kwenye panja.

Ya pili hufunika kichwa chote pamoja na taya. Ukiangukia uso kwenye jiwe, kipande cha mbele ndicho kitakachookoa meno na taya yako. Zamani zilikuwa nzito na zenye joto, lakini siku hizi zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya enduro ambazo hazifiki hata kilo moja na zinapitisha hewa vizuri.

Ya tatu ina kipande cha taya kinachobanduliwa. Unapopanda unakitoa na kukifunga kwenye mkoba. Ukifika kileleni unakirudisha. Wengi huipenda hii, lakini ina mtego wake. Utafika juu ukiwa umechoka, wenzako wanaondoka, nawe utajiambia, "Leo nitashuka hivi hivi." Kama unajijua kuwa mtu wa haraka, nunua ile ya pili.

Ikiwa unajiandaa kwa mashindano, soma kanuni za waandaaji kabla ya kulipa pesa zako dukani. Wapo wasiomruhusu mtu kushuka bila helmeti ya kufunika taya.

Je, unaweza kuazima helmeti ya bodaboda? Jibu ni la. Ile ilitengenezwa kwa mtu aliyeketi akiendeshwa na injini. Ni nzito, haipitishi hewa ya kutosha, na mtu anayekanyaga pedali kupanda mlima atapata joto kupita kiasi. Mwishowe ataivua na kuining'iniza kwenye usukani, mahali ambapo haimsaidii mtu.

Soma kibandiko

Ndani ya helmeti huwa na kibandiko chenye alama ya kipimo ilichofaulu. EN 1078 ni kipimo cha Ulaya na CPSC ni cha Marekani. Hivi ni vya baiskeli za kawaida. Katika kipimo cha Ulaya, helmeti huangushwa kwenye chuma bapa kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Kipimo cha ASTM F1952 kiliundwa kwa ajili ya mbio za miteremko. Hapo helmeti hupigwa kwa nguvu zaidi na kipande cha taya hupimwa pia. Kwa enduro, hiyo ndiyo alama ya kutafuta.

Huenda pia ukaona neno MIPS. Hiyo ni ngozi nyembamba ya ndani inayoteleza kidogo kichwa kinapopigwa kwa upande, ili kupunguza ule mzunguko wa ghafla unaoumiza ubongo. Ilibuniwa Sweden na daktari wa upasuaji wa ubongo akishirikiana na wahandisi. Ni nyongeza nzuri, lakini haisaidii kitu ikiwa helmeti yenyewe haikukai vizuri.

Ipime kichwani

Usinunue helmeti kwa kuangalia rangi. Ivae, uifunge, kisha ufanye hivi:

Kwanza, ukingo wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili. Ikirudi nyuma zaidi, paji la uso limebaki wazi.

Pili, kamba za pembeni zikutane chini kidogo ya sikio. Ile ya kidevuni ibane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili.

Tatu, tikisa kichwa huku na huku. Ngozi ya paji iende pamoja na helmeti. Helmeti ikicheza peke yake, ni kubwa mno. Ile inayofunika taya inapaswa kubana mashavu bila kukuumiza.

Jihadhari na za mitumba

Katika miji yetu helmeti nyingi huuzwa kando ya barabara zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Bei huvutia, lakini rahisi ni ghali.

Kinachookoa kichwa si ule ugumu wa nje. Ni lile povu la ndani, linalofanana na lile jeupe linalozuia televisheni isivunjike ndani ya katoni. Unapoanguka, povu husagika na kumeza nguvu za pigo. Likishasagika halirudi, hata kama nje hakuonekani ufa. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mwenyewe huko ng'ambo imeshafanya kazi yake. Wewe utakuwa umenunua kofia tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukianguka ukagonga kichwa, itupe helmeti hiyo. Usimpe ndugu yako mdogo.

Kutoka shingoni kwenda chini

Vaa glavu zinazofunika vidole vyote, kwa kuwa mtu akianguka hutanguliza mikono. Vaa vikinga vya magoti kila mara, na vya viwiko njia inapokuwa na mawe. Tafuta alama ya EN 1621 kwenye vikinga hivyo. Yenye nambari 2 huzuia pigo zaidi kuliko yenye nambari 1. Zipo pia fulana zenye kikinga cha mgongo na mabega. Vikinga vizito unaweza kuvibeba mkobani wakati wa kupanda na kuvivaa kileleni.

Macho yakingwe kwa miwani isiyovunjika. Vumbi la Ngong wakati wa kiangazi linatosha kukufumba jicho katikati ya kona. Na usisahau maji, hasa kama umevaa helmeti ya kufunika uso.

Ukigonga kichwa

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huanguka, huamka, hukung'uta vumbi na kuendelea kwa kuogopa kuchekwa. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azirai. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuudhika na mwanga, au kuuliza swali moja mara tatu. Ukiona hata moja, mchezo umekwisha siku hiyo. Asipande tena baiskeli, asiendeshe gari, asinywe pombe wala asiachwe peke yake.

Mpeleke hospitali mara moja akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akipatwa na kifafa, kichwa kikizidi kumuuma, mkono au mguu ukilegea, au akitokwa na damu au maji masikioni au puani. Akilalamika shingo, msimwinue wala msimvue helmeti ya kufunika uso, isipokuwa kama anashindwa kupumua. Mshikilieni kichwa kisisogee, mtafute msaada.

Baadaye apumzike siku moja au mbili, akitembea kidogo nyumbani na kupunguza muda wa kutazama simu. Kisha arudie mazoezi hatua kwa hatua, na asishuke mlima mpaka daktari amruhusu. Akianguka tena kabla ubongo haujapona, madhara huweza kuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza.

Basi Jumamosi ijayo, kabla hujaifunga baiskeli juu ya gari, igeuze helmeti yako uiangalie ndani. Soma kibandiko. Pitisha kidole kwenye povu utafute ufa. Ivae uitikise. Kazi hiyo haifiki dakika tano, nayo yafaa ifanyiwe nyumbani kabla hujasimama juu ya mlima huku wenzako wakikuita uteremke.