Kabla shamba la familia halijawa viwanja

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, mabango ya viwanja yanakupokea kabla hujafika kijijini. Palipokuwa na mikorosho na minazi sasa pamepita greda, na bikoni za saruji zimechomoza kwenye majani. Kwa anayenunua, hiyo ni habari njema ya nyumba mpya. Kwa familia iliyokuwa ikilima hapo, linabaki swali la watoto: wakikua, watajenga wapi na watalima wapi?

Kasi ya mabadiliko haya inaonekana kwenye sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu takriban milioni 1.1. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2. Watu wote hao wanahitaji mahali pa kulala, na mahali penyewe ni mashamba ya vijijini.

Wanakijiji hawaoni jambo moja

Vijana wengi wanaupokea ujenzi kwa mikono miwili. Nyumba zikijengwa kuna kazi ya kufyatua matofali, kuchimba msingi, kuendesha bodaboda na kufungua duka. Umeme na barabara navyo hufika haraka zaidi kunapokuwa na watu wengi.

Wazee wanatazama upande mwingine. Mkorosho ukishakua huvunwa kila msimu kwa miaka mingi, lakini fedha ya shamba huja mara moja. Yako pia makaburi ya ukoo, ambayo mgeni aliyenunua kiwanja hawezi kujua yalipo asipoonyeshwa.

Akina mama mara nyingi huuliza ya kila siku. Kisima kilichokuwa kinatosha kitongoji kimoja kitatosha vitatu? Darasa lenye watoto wengi tayari litapokea wangapi zaidi? Njia ya mkato waliyopita watoto kwenda shule itabaki, au itakuwa uzio wa mtu?

Wote hao wana hoja. Tatizo ni kwamba maoni mengi husemwa barazani na njiani, baada ya bikoni kuwekwa. Wakati huo yanabaki kuwa manung'uniko.

Shamba huuzwa kwa ekari, kiwanja kwa mita

Hapa ndipo familia nyingi hupunjika. Ekari moja ina mita za mraba zaidi kidogo ya 4,000. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mita za mraba 500. Hata ukitenga robo ya ekari kwa ajili ya barabara, unabaki na viwanja 6.

Kwa hiyo, dalali akikutajia bei ya ekari, ulizia kwanza kiwanja kimoja katika eneo hilo kinauzwa shilingi ngapi, kisha zidisha kwa 6. Mnunuzi ana gharama zake za kupima na kuchonga barabara, na faida ni haki yake. Lakini ukiijua tofauti hiyo, utajadiliana ukiwa na macho mawili.

Wapo wanaochagua njia ya katikati. Wanakubaliana na mpimaji apime shamba, achukue sehemu ya viwanja kama malipo yake, na familia ibaki na vingine vyenye mipaka inayotambulika. Wengine huuza sehemu na kuacha kiwanja kwa kila mtoto. Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi.

Gezaulole imeshapita njia hiyo

Kigamboni kuna eneo linaloitwa Gezaulole, jina la Kizaramo lenye maana ya "jaribu uone". Enzi za Ujamaa kilikuwa kijiji maarufu cha wakulima. Ulipokuja Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Kibada, Tuangoma na Gezaulole yalipimwa. Wenye mashamba walilipwa fidia, na wapo waliosogea mbali zaidi kutafuta ardhi ya bei wanayoimudu.

Mwaka 2016 Daraja la Nyerere likafunguliwa, safari ya kwenda mjini ikawa nyepesi, na Kigamboni ikazidi kuwavuta wajenzi. Aliyebakiza kiwanja akawa na mali mkononi. Aliyeuza chote aliiona thamani hiyo ikipanda mikononi mwa wengine.

Sheria inakupa nafasi ya kusema

Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji huisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, awe mwanamke au mwanamume, na hupaswa kufanyika kila baada ya miezi 3.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa ili iwe ardhi ya jumla, aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa lazima vikubaliwe kabla ya uhamisho. Sheria hiyo pia inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Nyumbani nako kuna ulinzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Baba asiuze kimyakimya kisha mama akaja kuambiwa ahamishe vyombo.

Kaeni kikao cha nyumbani kwanza

Mzazi, kabla ya kwenda mkutanoni, kaeni na watoto wakubwa mkubaliane mambo matatu: sehemu gani haiuzwi kabisa, fedha ikipatikana itafanya nini, na nani atashika nyaraka. Fedha isiyopangiwa kazi huishia kwenye pikipiki, sherehe na madeni ya ndugu.

Mkutanoni, ulizeni wazi. Eneo la shule, zahanati na soko limetengwa kwenye ramani? Njia za watoto na za kwenda kisimani zitabaki? Makaburi yamewekewa mpaka? Maji yatatoka wapi, na nani atayalipia? Ahadi ya umeme na barabara imeandikwa kwenye mkataba, au iko kwenye bango tu?

Majibu yaingie kwenye muhtasari wa mkutano, nanyi hakikisheni umesomwa hadharani kabla ya kusainiwa. Mtendaji wa kijiji akitangaza mkutano mwingine, nendeni baba na mama. Mmoja wenu asibaki nyumbani kwa kudhani mwenzake atamsemea.