Kosa moja la programu huzaa mengi

MWANDISHI wa programu hushtuka kompaila, inayofasiri maagizo yake kwa lugha ya mashine, inapomworodheshea makosa kochokocho. Asibabaike, asije akaharibu yaliyo sahihi.

Katika lugha ya C++, nukta-mkato ikisahaulika mwishoni mwa faili iliyoingizwa katika nyingine, huenda kompaila ikalaumu mstari wa faili hiyo ya pili, usio na hatia. Sababu ni kwamba huendelea kusoma hadi maneno yasipopatana.

Dawa ni kurekebisha kosa la kwanza pekee, kisha kufasiri upya. Aghalabu mengi yaliyosalia hutoweka. Mstari uliotajwa ukiwa salama, autazame ulioutangulia. Akishindwa, arejelee maagizo yaliyofasirika mara ya mwisho, ayalinganishe na mabadiliko aliyofanya.