Meza moja, rafu mbili: chakula cha bei nafuu katika mji wa Singapore

Kijana mmoja wa msikiti wetu, aliyeajiriwa karibuni katika ofisi yenye watu wa kila dini, alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na swali ambalo wengi hulimeza kimya kimya. Je, akae meza moja na wenzake wakati wa chakula cha mchana, au abebe bakuli lake akale peke yake? Tulimjibu kadiri tulivyojaaliwa, lakini jibu letu halikututosha hata sisi wenyewe. Tulikuwa nalo bado akilini tulipokwenda kumtembelea mwenzetu wa kamati anayesoma Malaysia, naye akatuvusha kutoka Johor hadi Singapore kwa siku mbili.

Katika mji huo Waislamu ni kiasi cha watu 15 katika kila 100. Wachina ndio wengi, wakifuatiwa na Wamalai na Wahindi, na wote hao hula nje ya nyumba zao kwa wingi wa kushangaza. Hawaendi hotelini kwa fahari. Huenda katika mabanda makubwa ya serikali, zaidi ya 100 kisiwani kote, ambamo vibanda kadhaa vya wapishi huzunguka meza zilizo wazi kwa kila mtu. Wapishi hao walikuwa zamani wakipika kando ya barabara na mifereji, uchafu ukiishia mtoni. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali iliwajengea mabanda yenye maji ya bomba na kuwahamishia humo. Haikutosha kuwafukuza, ilibidi wapewe pa kwenda. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa kula katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Lililotushughulisha zaidi ni kwamba chini ya paa hilo moja kibanda cha Mwislamu hukaa hatua chache tu na kibanda kinachouza nyama ya nguruwe. Muumini afanyeje? Kwanza hutazama cheti. Baraza la Kiislamu la Singapore, MUIS, lilianza kutoa idhini ya halali mwaka 1978, na kuitumia nembo yake bila ruhusa ni kosa la kisheria. Wapo pia Waislamu wanaouza bila cheti, na hao hujulikana kwa maandishi ya Kiarabu ukutani na kwa kuaminiwa na wateja wao wa miaka mingi. Kisha tukaziona rafu. Ukimaliza kula unarudisha trei yako mwenyewe, sheria iliyoanza kukaziwa katika mabanda hayo Septemba 2021, na anayerudia kosa anaweza kutozwa faini ya dola 300. Rafu za kurudishia ni mbili, moja ya vyombo vya halali na moja ya visivyo halali, na aghalabu trei zenyewe hutofautiana rangi. Mchina na Mmalai tuliowaona wamevaa sare ya kazi moja walikula wakicheka, wakasimama pamoja, kila mmoja akaelekea kwenye rafu yake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake swali, wala hakuna aliyeona haya.

Nasi, tukiwa tumetulizwa moyo, tukaagiza. Tulianza na nasi lemak, ambayo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni wali wa nazi. Tofauti iko kwenye harufu: hutiwa jani la pandani, mmea wa jamii moja na mkadi wetu. Pembeni huwekwa dagaa waliokaangwa wakakauka, karanga, vipande vya tango, yai, na pilipili ya kusaga yenye utamu wa mbali. Kwa dola chache za Singapore mtu ameshiba. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wajaribu dagaa na karanga juu ya wali wa nazi. Sisi tumejaribu nyumbani, na watoto hawakubakiza.

Jioni tulikwenda mtaa wa Kampong Glam, mkabala na Msikiti wa Sultan, kula murtabak. Jina lake linatokana na Kiarabu, likiwa na maana ya kilichokunjwa. Ni chapati nyembamba inayofungiwa nyama ya kusaga, mayai na vitunguu, na aliyewahi kusimama Forodhani, Unguja, ataujua undugu wake mara moja. Chini ya kuba la msikiti huo kuna mkanda mweusi unaong'aa. Mwenzetu alitueleza kuwa ni vitako vya chupa vilivyokusanywa na Waislamu maskini wakati wa ujenzi, ili nao wawe na mchango. Kwa sisi tunaoshika daftari la michango, tuliutazama mkanda huo kwa muda mrefu kuliko kuba lenyewe.

Hata hivyo unafuu huo una anayeubeba. Kesho yake tulikula tambi za mchuzi mzito, mee rebus, kwa mama mtu mzima ambaye mwenzetu alimwita Mak Cik, yaani shangazi. Alikuwa amesimama jikoni tangu kabla ya alfajiri. Waliohamishwa kutoka barabarani walipangishiwa kwa kodi ya chini, lakini wapya hushindania vibanda kwa zabuni, na wateja hawataki bei ipande. Wapishi wa mabanda hayo kwa wastani wanakaribia miaka 60. Tulimwuliza Mak Cik nani atamrithi. Alisema wanawe wamesoma, wanafanya kazi kwenye ofisi zenye viyoyozi, naye anamshukuru Mungu kwa hilo, kwani ndicho alichokuwa akikipikia.

Mwenzetu akamwuliza kama angependa mmoja wao arudi. Aliifuta meza kwanza, kisha akatuuliza kama tambi zilikuwa na chumvi ya kutosha.