Menyu inayohamahama humchanganya mgeni wa kompyuta

Wasikilizaji wanaojifunza kompyuta wametuuliza mara nyingi: mbona jana kitu kilikuwa hapa na leo hakipo? Jibu ni kwamba mwanafunzi huyu hasomi menyu, anakariri mahali. Anajua “Chapisha” ni ya tatu kutoka chini, basi. Ikihama, halaumu programu. Anasema, “Nimeiharibu,” na kesho anampelekea kijana wa steshenari barua yake aandikiwe kwa malipo.

Microsoft iliwahi kuleta menyu za namna hiyo kwenye Office 2000. Ulipofungua menyu, ulioneshwa amri za msingi na zile ulizotumia karibuni. Zilizobaki zilifichwa chini ya kialama cha mishale, zikatokea ukikibofya au ukisubiri kidogo. Nia ilikuwa njema, kupunguza msongamano. Ila mzoefu alijua amri imejificha. Mgeni aliamini haipo kabisa. Office 2007 iliachana na menyu hizo katika Word na Excel, ikaweka utepe wa vitufe juu ya skrini.

Kuna njia ya upole zaidi: amri isiyotumika kwa sasa inaachwa palepale, imefifishwa kwa rangi ya kijivu. Hujanakili kitu? “Bandika” unaiona, lakini haibofyeki. Nayo ina kero yake, maana haikuambii kwa nini, ila walau unajua ipo.

Na zile nukta tatu baada ya “Hifadhi kama”? Maana yake kompyuta itakuuliza swali kwanza, hivyo bofya bila hofu. Ajabu ni kwamba wengi hufundishwa kompyuta bila kuambiwa hilo.

Kwenye simu ya kitochi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu pale kuna pesa. Wengi wetu hatusomi tena orodha ya huduma za pesa. Vidole vinabonyeza namba vyenyewe. Kampuni ikichomeka huduma mpya juu ya orodha, namba zote zinasogea, na aliyetaka kumtumia mama yake pesa anajikuta ananunua vocha. Huduma mpya ikae mwisho, na jina la mpokeaji lioneshwe kabla ya namba ya siri.

Nanyi mnaotengeneza programu za shule, zahanati na SACCOS, mkalisheni mtu asiyewahi kuiona. Mwambieni achapishe risiti, kisha nyamazeni, mtazame mkono wake unakwenda wapi kwanza.