Galoni na Lita: Tangi la Motakaa Lachukua Kiasi Gani?

Wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, leo twapenda kueleza jambo ambalo madereva wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni kadiri ya mafuta iwezayo kuingia katika tangi la motakaa.

Wakati wa Waingereza petroli ilipimwa kwa galoni, na debe la bati lilichukua galoni 4. Siku hizi pampu zetu hupima kwa lita. Galoni moja ya Kiingereza ni lita 4.546, basi debe lile lilikuwa lita 18 na kidogo, wala si 20 kama dumu la leo. (Dumu la lita 20, tuseme kwa kupita, asili yake ni jeshi la Wajerumani, kabla ya vita ya 1939.)

Lakini iko galoni nyingine, ya Marekani, nayo ni ndogo: lita 3.785 tu. Hapo ndipo watu hupotea. Tuseme kitabu cha motakaa kimeandika galoni 15. Zikiwa za Kiingereza, tangi lachukua lita 68. Zikiwa za Marekani, hazifiki hata 57. Tofauti yapata lita 11. Kwa motakaa iendayo kilometa 8 kwa lita moja, hizo ni kilometa 88, nayo njia ya kupanda kutoka Kyaka, penye daraja la mto Kagera, hata Bugene ni kama kilometa 59 tu. Mwenye kuchukua mgonjwa usiku kwa kutegemea lita zisizokuwapo atasimama mlimani, na mgonjwa yumo ndani.

Kwa hesabu ya kichwa, zidisha galoni za Kiingereza kwa 4 na nusu. Za Marekani zidisha kwa 4, kisha utoe sehemu moja ya ishirini: 15 mara 4 ni 60, toa 3, zabaki 57.

Tena, kadiri iliyoandikwa si mafuta yote ya kutumia. Pampu haifyonzi tone la mwisho, na katika mwinuko mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi. Wala haifai kujaza hata mdomoni, kwa kuwa petroli hufura kwa joto, karibu sehemu moja katika mia kwa kila digrii 10.

Na ukinunua petroli kando ya njia ya Murongo, uliza ni lita ngapi. Maana wengi wetu huita galoni chombo chochote cha plastiki, kiwe cha lita 5 au cha 20.