Kamera, simu au kufuli: Vitu vidogo vinavyoweza kukwamisha usukani wa ndege

MNAMO Mei 2016, umati uliofurika mjini Bungoma wakati wa maombolezo ya mfanyabiashara Jacob Juma ulishuhudia kioja. Mwanamume mmoja alivishika vyuma vya chini vya helikopta iliyokuwa ikipaa, akachukuliwa akining'inia juu ya mapaa ya nyumba. Alinusurika kwa majeraha, na kwa siku nyingi Wakenya wakafanya mzaha kumhusu.

Hatari ya siku ile ilionekana na kila mtu. Ipo nyingine ambayo umati hauwezi kuiona, nayo hujificha ndani ya chumba cha rubani: kitu kidogo kilichoachwa ovyo, kikateleza na kuuzuia usukani.

Katika ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja kama kile cha Kitale, usukani umeunganishwa kwa nyaya za chuma au vyuma virefu na vibao vinavyocheza kwenye mabawa na mkiani. Rubani akiuvuta usukani, pua ya ndege huinuka. Akiusukuma mbele, pua huinama. Akiuzungusha, ndege hulala upande. Kwa miguu, hukanyaga pedali zinazogeuza usukani wa mkiani. Viungo hivi vyote vinahitaji nafasi ya kusogea hadi mwisho wake. Chupa ya maji ikijikunja chini ya pedali, au waya wa vipokea sauti ukijizungusha kwenye usukani, sentimita chache zinazopotea zaweza kuwa ndizo rubani alizohitaji ili kuiinua ndege kabla ya kugonga miti.

Ndege kubwa nazo hazijasalimika. Februari 9, 2014, ndege ya jeshi la wanahewa la Uingereza aina ya Voyager ilikuwa safarini kwenda Afghanistan ikiwa na watu 198. Ilipokuwa juu ya Bahari Nyeusi, kwa urefu wa futi 33,000, ghafla ilipiga mbizi. Ilipoteza futi 4,400 kwa sekunde 27, na abiria ambao hawakuwa wamefunga mikanda wakarushwa hadi darini.

Wachunguzi waligundua kwamba nahodha alikuwa ameiweka kamera yake kati ya kijiti cha usukani na egemeo la mkono. Alipokisogeza kiti chake mbele, kamera ilibanwa na kukisukuma kijiti. Msaidizi wake alikuwa ametoka chumbani. Mitambo ya kujilinda ya ndege ilisaidia kuizuia isizidi kuzama, na hatimaye ikatua salama nchini Uturuki. Mwaka wa 2017 mahakama ya kijeshi ilimpa nahodha huyo kifungo kilichoahirishwa na kumfukuza jeshini.

Wakati mwingine kizuizi ni kifaa halali cha ndege yenyewe. Ndege inapoegeshwa uwanjani, usukani hufungwa kwa kufuli maalumu ili upepo usiyapigepige mabawa na mkia. Yeyote anayezijua dhoruba za alasiri zinazoshuka kutoka Mlima Elgon ataelewa umuhimu wake. Lakini kufuli hiyo ikisahauliwa, ndege hupaa bila kutawalika. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 30, 1935 huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing ilipoanguka muda mfupi baada ya kupaa, na marubani wawili wakafariki. Mkasa huo ndio uliowafanya marubani waanze kutumia orodha ya ukaguzi, ambayo leo husomwa kabla ya safari duniani kote.

Hata hivyo, orodha isiyosomwa haimwokoi mtu. Mei 31, 2014, ndege ya kibinafsi aina ya Gulfstream ilishindwa kupaa mjini Bedford, Marekani, kwa sababu kufuli haikuwa imefunguliwa. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Rekodi za ndege hiyo zilionyesha kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao walikuwa wameukagua usukani kikamilifu mara mbili tu.

Ukaguzi wenyewe hauchukui hata dakika moja. Kabla ya kupaa, rubani huuvuta usukani hadi mwisho, huusukuma, huuzungusha kulia na kushoto, kisha hukanyaga pedali zote mbili, huku akitazama kama vibao vya mabawa vinasogea ipasavyo. Pia hukihakikisha kiti chake kimejifunga barabara, na kuweka simu, kompyuta bapa, ramani na chupa mahali penye kifuniko au kishikizo. Kanuni ni moja: kitu kisicho na mahali pake hakina ruhusa ya kuwa karibu na usukani.

Mbona jambo hili limhusu mkazi wa Sirisia, ambaye huenda hajawahi kuketi kwenye kiti cha rubani? Kwa sababu katika ndege nyingi ndogo na helikopta, abiria wa mbele huketi kando ya rubani, na mara nyingi mbele yake pana usukani wa pili. Helikopta sasa zimekuwa jambo la kawaida mashinani, hasa misimu ya kampeni na mazishi ya watu mashuhuri. Anayebahatika kupewa kiti hicho hupanda na mkoba mapajani, fimbo ya heshima mkononi na simu ya kupigia picha. Helikopta nyingi huruhusu usukani wa pili kuondolewa, na hiyo ndiyo kinga bora. Usipoondolewa, abiria ana wajibu wa kuiweka mikono na miguu yake mbali, kukabidhi mizigo yote ifungwe nyuma, na kumwambia rubani mara moja kitu chochote kikimponyoka na kuanguka sakafuni.

Kukiri kwamba simu imeteleza chini ya kiti kunaweza kumtia mtu haya mbele ya wakubwa. Lakini wahenga walinena: mdharau mwiba, mguu huota tende. Angani, mwiba huo unaweza kuwa kamera tu, na rubani anayeambiwa mapema angali na nafasi ya kutua na kuutoa.